Nilinunua kayak ya kuvua na kutembeza familia, nikafika nyumbani nikakuta matanga yangu mwenyewe

Salamu zenu wakuu, wenyeji wa humu na mnaopita tu.

Mimi ni msomaji wa kimya. Jana nimekuta mdau anauliza kayak gani inafaa kwa uvuvi mdogo na matembezi ya familia. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, jibu likakataa kuisha, nikaona bora nifungue uzi wangu.

Yote haya yametokea. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, nikitia chumvi atanikamata hapa hapa. Kiswahili changu ni cha Kivu, mtanivumilia.

Naitwa Kambale. Ni Munande wa upande wa Butembo, mkatoliki, mtu wa biashara. Kwetu Kambale ni jina la mtoto wa kiume wa pili. Kwa wengine ni yule samaki wa matope mwenye ndevu.

Nina duka Nyamitaba, kule Masisi, na ndiko nilikooa. Mke wangu Riziki ni Muhunde, binti wa wakulima wa maharage na muhogo ambao wamekaa kwenye vile vilima tangu babu wa babu. Baba yake ni Papa Bauma.

Papa Bauma hakunipenda. Sisemi alinichukia, hapana. Alikuwa tu hanioni. Akija kwetu Jumapili anasalimia watoto, anakula, anasalimia mbuzi, anaenda zake. Akitaka kunitaja anasema "ule wa duka". Akiwa na furaha sana anasema "ule samaki".

Basi hayo yawekeni pembeni, turudi kwenye kayak.

Zamani kidogo nilikuwa nafanya biashara Walikale. Nilikuwa nauza mabuti, tochi na betri kwa vijana waliokuwa wanapanda mlima wa Bisie kuchimba madini. Maisha ya mbio. Siku moja nimesimama kwenye mto Lowa nasubiri mzigo, nikaona mtu anapita majini peke yake, amekaa ndani ya kitu chembamba kama ganda la njugu, anapiga kafi taratibu, kofia kichwani, ndoano imechomekwa nyuma yake. Hana haraka na mtu.

Sikujua jina lake wala kazi yake. Nilichojua ni kwamba namwonea wivu.

Nilipohamia Nyamitaba nikakuta maziwa yale ya Mokoto yako karibu, maji yametulia katikati ya vilima, na familia yangu Jumapili baada ya misa haina la kufanya isipokuwa kuangaliana. Wazo la Lowa likaamka. Nikajiambia: nitanunua ile kitu, nitavua samaki, nitatembeza watoto, na Riziki nitamfanyia surprise.

Neno surprise liandikeni mahali.

Nikashuka Goma. Kulikuwa na bwana mmoja anauza kayak mbili, zote zimeshatumika.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyembamba, unaingiza miguu ndani kama unavaa suruali. Nzuri kwa macho. Ya pili ilikuwa fupi kidogo, pana, nyekundu kama nyanya, unakaa juu yake, viti viwili, katikati kuna nafasi ya mtoto au ya ndoo.

Nikaikataa ya pili papo hapo. Ilikuwa na matundu chini. Matundu yanaonekana wazi, unachungulia juu unaona ardhi.

Nikamwambia muuzaji, "Hii imetoboka."

Akasema, "Ni ya kutoa maji. Yakiingia juu yanashukia pale."

"Na yale ya ziwa hayapandi palepale?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Alifikiri kidogo, akasema, "Yanajua."

Wakuu, huyo ndiye mtaalamu niliyempata. Lakini alinipa shauri moja la kweli, na mdau aliyeuliza jana alishike: kama una watoto na hujawahi kupanda kayak, chukua pana ya kukaa juu. Nyembamba inakimbia, lakini ukipiga chafya umegeuka. Nikachukua ile nyekundu, na makafi mawili, na jileti mbili za kuelea.

Sasa usafiri.

Dereva wangu anaitwa Papa Kasereka. Lori lake linabeba mizigo yetu ya duka miaka yote. Ni mtu wa Mungu. Hasemi uongo, na hasemi maneno mengi. Ukimwuliza swali atakujibu hilo swali tu, halafu atanyamaza.

Tulifunga kayak juu ya magunia. Tulipofika Sake tukakuta mama mmoja ana kitoto kichanga anatafuta usafiri, nikampa kiti changu cha mbele, mimi nikapanda juu na mizigo. Mvua ikaanza. Nikavaa koti langu la mvua lenye kofia, nikaona haitoshi, nikalala ndani ya kayak. Imebonyea katikati, inapokea mwili vizuri kabisa. Papa Kasereka akasimamisha lori, akapanda, akanifunika turubai kuanzia kichwani hadi miguuni, akapitisha kamba ili nisianguke kwenye kona.

Usiku uliotangulia sikulala kwa furaha. Nikapitiwa na usingizi.

Yaliyofuata nilielezwa baadaye, na Papa Kasereka mwenyewe, kwa sentensi fupi fupi.

Bariyera ya kwanza, yaani kizuizi cha barabarani, walinzi wakamsimamisha. Wakaona kitu kirefu chekundu kinachungulia kwenye turubai, kimefungwa kamba.

"Nani iko mule?"

"Papa Masika." Masika ni binti yangu mkubwa, ndivyo wanavyoniita njiani.

"Wa duka ya Nyamitaba? Iko na nini?"

"Amelala."

Wakuu, Kiswahili chetu mnakijua. Mtu mzima akisemwa amelala, na amelala ndani ya kitu kirefu, kimefunikwa na kufungwa, hakuna anayeuliza ataamka saa ngapi.

Wakavua kofia. Wakafungua kamba ya bariyera bila kuomba hata sigara. Papa Kasereka akashangaa, akashukuru Mungu, akaendelea.

Bariyera ya pili habari ilikuwa imeshafika kwa simu. Wakamfungulia kabla hajasimama. Kwenye soko moja njiani akina mama wauza mahindi walisimama wote, mmoja akaja akaweka majani juu ya mlango wa lori. Baadaye nilimwuliza, "Papa Kasereka, hukuona kuna jambo?"

Akasema, "Niliona banakuheshimu."

Simu yangu ilikuwa kwenye begi, imezimika. Riziki alipoletewa habari na shangazi yake alipiga, alipiga, haipatikani. Akampigia dereva. Papa Kasereka hapokei simu akiendesha, lakini simu ilipolia bila kukoma akasimamisha lori akapokea.

Riziki alimwuliza, huku analia, "Papa Kasereka, ni kweli?"

Yeye akadhani siri ya kayak imevuja, na mke wangu analia kwa sababu ya pesa nilizofuja. Akasema, "Ni kweli, Mama. Pole."

Akakata simu.

Niliamka lori likiwa linatembea pole pole kama ng'ombe. Nikasikia nyimbo. Nyimbo za kanisa, zile za huzuni, na sauti za watu wengi wanatembea pembeni yetu. Halafu lori likasimama na injini ikazimwa. Nikachungulia chini ya turubai. Ni kwangu. Uwanja wangu umejaa watu, wanawake wamekaa chini, sufuria kubwa zinatoa mvuke.

Nikajua kuna mtu wa nyumbani amekufa. Nikafikiria watoto, mmoja mmoja.

Nilijivuta kwa upande wa miguu, nikatoka kama mjusi, nikashuka kwa nyuma ya lori. Hakuna aliyeniona kwa sababu watu wote walikuwa wamejikusanya upande wa mbele, na mvua ilikuwa inanyunya bado, na mimi nina kofia ya koti hadi kwenye macho. Papa Kasereka alikuwa amesimama pale na kofia yake mkononi. Hata yeye alijua kuna mtu wa kwangu amekufa.

Nikajiingiza kwenye watu. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja nisiyemjua, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nani amekufa?"

"Mukwe ya Bauma," akasema. "Ule Munande wa duka. Masikini, hakukuwa mubaya."

Nitawaambia ukweli. Kwa muda wa pumzi moja nilimsikitikia huyo mtu. Nikasema moyoni, masikini. Ndipo akili ikarudi.

Nilitaka kupaza sauti. Mdomo nimeshaufungua. Lakini Papa Bauma akainua mkono pale mbele ya lori, na watu wote wakanyamaza. Vijana walikuwa tayari kupanda kushusha mwili, akawazuia.

Akasema, "Muache kwanza. Niko na maneno mbele aingie mu kiwanja."

Nikafunga mdomo.

"Huyu muntu," akasema, "mimi sikumupendaka. Batu yote munajua. Alikuja hapa na duka yake, akatuletea chumvi, akatuletea sabuni, akatuchukulia mutoto. Lakini wakati mupepo ilibeba kichwa ya nyumba yangu, ni nani alileta mabati? Ni yeye. Hakusema kitu. Aliweka mbele ya mulango, akaenda. Mimi nikajifanya sijui yametoka wapi. Nimelala chini ya mabati yake, na asubui ninapita mbele ya duka yake sisalimii. Leo nasema mbele yenu. Huyu alikuwa mutoto wangu. Kambale alikuwa mutoto wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia jina langu kinywani mwake likimaanisha mtu.

Mniambie nyinyi, mngekatiza hotuba ile? Nilikuwa nalia ndani ya koti. Bibi wa pembeni akanipa kipande cha kitenge nijifute.

Aliyenigundua ni mama mkwe. Mama Bauma ni mwanamke mtulivu, nyumba ikiungua atauliza kwanza kama maharage yameiva. Alikuwa anapita na beseni ya bugali kati ya watu. Alipofika kwangu akainama, akaangalia chini ya kofia yangu.

"Kambale."

"Mama."

"Uko muzima?"

"Ndiyo, Mama."

Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akanigusa shavu kwa mgongo wa mkono. Kisha akasema, "Basi kula kwanza. Wakijua saa hii, itakuwa fujo juu ya nyama."

Akanipakulia. Naapa alinipakulia. Nilikula nyama ya matanga yangu, na ilikuwa nyama ya ng'ombe wa Papa Bauma, yule ambaye alikataa kumchinja kwenye harusi yetu.

Baada ya hapo akanishika mkono akanipeleka ndani kwa Riziki.

Hapa sitasema mengi kwa sababu mwenyewe yuko pembeni. Aliniangalia, akavua kandambili moja, akanipiga nayo begani, akapiga tena, halafu akanishika na hakuniachia. Watoto wakaja. Tulikaa hivyo chini mpaka kelele za nje zikaanza, kwa sababu vijana walikuwa wameshapanda kwenye lori, wamefungua turubai, wamekuta kitu chekundu chenye matundu na hakuna maiti.

Nilipotoka, wengine walikimbia. Wengine walipiga magoti. Mchungaji wa kanisa la akina Riziki, ambaye alikuwa ameshika karatasi ya sala ya mazishi, aligeuza ile ile ikawa ya shukrani, alibadilisha tu mwisho.

Ugomvi uliletwa na wageni wa Ngungu. Hao ni ndugu za mama mkwe, walikuwa wametembea njia mbaya tangu walipopata habari, matope hadi magotini. Hawakufurahi hata kidogo.

Mkubwa wao akasema, "Sisi tumekuja kuzika. Sasa tunarudi namna gani? Na siku utakufa kweli tutoke tena Ngungu?"

Wakakaa kikao. Wakuu, kikao kilikaa juu ya jambo hilo, na mimi nikaitwa kama shahidi. Wakaamua hivi: kwa kuwa hotuba ilisemwa, nyimbo ziliimbwa na ng'ombe ameliwa, matanga yangu yamehesabiwa kuwa yamefanyika. Siku nikifa, wa Ngungu hawadaiwi kuja. Atakayekuja atakuja kwa mapenzi yake.

Nikaulizwa kama nakubali. Nikakubali.

Huko Walikale nako habari ilifika, ila ile ya kukanusha haikufika. Juzi juzi nimekwenda, mtu mmoja sokoni aliniona akaweka mkungu wake wa ndizi chini taratibu, akarudi kinyumenyume hadi akapotea.

Haya. Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, na sababu ni Papa Bauma.

Tangu nitoke mle ndani nikiwa hai, hakunitazama usoni. Nilijua ana aibu, lakini sikujua inamuuma kiasi gani mpaka alipomtuma Riziki.

Riziki akaja dukani akasimama mbele yangu. "Papa anasema yale maneno yalikuwa ya maiti. Anasema urudishe."

"Nirudishe namna gani?"

"Sijui. Nilimuuliza. Alisema wewe ndio ulisoma."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akaniambia kwamba baba yake hali vizuri. Anakaa uani anaangalia zizi. Mtu amesema mbele ya kijiji kizima jambo alilolificha miaka, na sasa aliyesemwa anapita kila siku na baiskeli.

Wakuu, ningejua namna ya kurudisha maneno ningerudisha.

Ijumaa moja akaja mwenyewe. Hakuingia dukani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba ambako kayak ilikuwa imeegemea ukuta, akaizunguka. Akaingiza kidole kwenye tundu moja. Kidole kikatokea upande wa pili, akakitazama.

"Ng'ombe yangu ilikufa juu ya hii?"

"Ndiyo, Papa."

"Imetoboka."

"Maji yanajua," nikasema.

Akatoa kidole. "Siku ya Mungu, kisha sala, tutaingia. Mimi na wewe. Niione kazi yake."

Jumapili hiyo sijawahi kuona watu wengi kiasi kile ziwani. Walioshindwa kuniona nikiwa maiti walikuja kuniona nikiwa nahodha. Papa Bauma alikuja na koti lake la suti, na tai. Nikamvalisha jileti juu ya suti. Ilikataa kufunga, mama mkwe akaongeza kamba.

Tatizo likaanza kwenye kukaa. Viti vya kayak vyote vinatazama mbele. Papa Bauma alikaa kiti cha mbele, kisha akageuka akanitazama mimi.

"Papa, tunatazama kule."

"Mimi sipatiaka mutu mugongo," akasema. "Na wewe zaidi. Nikupatie mugongo mu maji?"

Basi tukakaa hivyo, uso kwa uso, magoti yanakaribia kugusana. Kila mtu na kafi lake. Nikimwambia piga mbele, anapiga mbele, na mbele yake ni nyuma yangu. Kayak ikasimama palepale. Nikaongeza nguvu, naye akaongeza. Kisha nikabadilisha upande, ikaanza kuzunguka.

Tulizunguka, wakuu. Tulizunguka kama jiwe la kusagia mbele ya waumini wa makanisa mawili. Huko ufukweni hakuna aliyecheka. Ni wapole, walikuwa wanadhani ndivyo inavyotumika.

Upepo ndio ulituhurumia, ukatusukuma taratibu hadi upande wa mafunjo, mbali na macho ya watu kidogo. Nikatupa ndoano. Nilikuwa naangalia uzi, yeye alikuwa anaangalia tai yake.

Uzi ukavutwa. Ukavutwa kwa nguvu. Nikavuta na mimi, na kikapanda kitu kizito, cheusi, kina ndevu, kinene kama paja.

Kambale.

Papa Bauma akamtazama samaki, akanitazama mimi. Naapa nikaona mdomo wake unataka kucheka. Lakini samaki akaanguka kwenye ile nafasi ya katikati, kati ya miguu yetu, akaanza kupiga mkia. Kambale ana miiba pembeni ya kichwa, kila mvuvi anajua. Papa Bauma naye alijua. Akasimama.

Mdau wa jana, kama husomi mengine soma hili: kwenye kayak mtu hasimami. Hata pana. Hata nyekundu.

Tukageuka.

Nilipoibuka nikaona kayak imelala kifudifudi, samaki ameenda, na Papa Bauma anaelea chali kama gogo. Jileti ilikuwa imemwinua, miguu juu, tai juu ya maji. Macho ameyafumba. Hajui kuogelea, na hakuwahi kuambiwa kwamba ile jileti inafanya kazi yenyewe.

Nikaanza kuogelea kumfuata. Mguu wangu ukagusa chini. Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.

(Papa Bauma ameruhusu niandike habari hii kwa sharti kwamba niseme kifuani. Yalinifika kifuani.)

Kabla sijasema neno, akaanza kusema yeye. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama mtu anayeaga wenye nyumba baada ya chakula.

"Kambale. Sikia, mimi naenda. Shamba ya chini, ile ya maharage, ni ya Riziki. Mutu asimunyanganye."

"Papa..."

"Acha nimalize. Yale maneno ya kilio, nilikuomba urudishe. Usirudishe. Yalikuwa ya kweli." Akameza maji kidogo, akakohoa. "Batu wanasema nilikukatala juu uko Munande. Apana. Nilikukatala juu ya Riziki. Tulikuwa tunalima pamoja, mimi na ule mutoto, tangu akiwa mudogo. Asubui mpaka jioni ananichekesha. Mama yake hanichekeshaka. Wewe ulikuja, ukamubeba, akaanza kuuza sukari. Mashamba ikanyamaza. Hakuna kitu ingine. Ni ile tu."

Nilikuwa nimesimama pale, maji yananitiririka kichwani. Miaka yote nilidhani ni kabila, nilidhani ni kanisa, nilidhani ni jina langu. Kumbe mzee alikuwa amebaki na jembe lake peke yake.

Nikamshika mkono.

"Papa," nikamwambia. "Simama."

"Nitasimama wapi?"

"Hapa. Shusha miguu."

Alifumbua jicho moja. Akaona nimesimama. Akashusha mguu mmoja, akapapasa, akashusha wa pili. Akasimama. Tukatazamana hapo, yeye na suti yake, mimi nimemshika mkono kama bibi harusi.

Kisha akauliza, "Ulikuwa umesimama tangu wapi?"

"Tangu shamba la maharage, Papa."

Akaitikia kwa kichwa. Akarekebisha tai.

Tulirudi kwa miguu ndani ya maji, tunaivuta kayak kwa kamba, hadi pale watu walipo. Mama mkwe alikuwa mbele na kitenge kikavu. Akamfunika mumewe mabegani, akauliza, "Mulivua?"

"Apana," akasema Papa Bauma. "Tulizungumuza."

Jioni ile alikula kwetu. Alipofika alisalimia watoto, akanisalimia mimi, mbuzi akamsahau.

Nilimweleza Riziki alichosema baba yake. Akachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Jumamosi iliyofuata akafunga duka mapema bila kuniuliza, akaenda kumchukua. Wakabeba kayak wao wawili, mmoja mbele mmoja nyuma.

Tangu hapo Jumamosi ni yao. Yeye Riziki anakaa nyuma anapiga kafi, mzee anakaa mbele, na siku hizi anatazama mbele kwa sababu binti yake alimwambia, "Papa, nikutazame mugongo kidogo, inatosha uso." Samaki hawaleti wa maana. Vitilapia vidogo, vingine wanavirudisha majini. Mimi nabaki dukani napima chumvi. Ziwa liko mbali kidogo na duka, lakini upepo ukitoka huko, jioni, nawasikia wanacheka. Mzee ana kicheko kama cha mtoto. Nilikuwa sijawahi kukisikia.

Kayak niliyonunua nimeipanda mara moja tu maishani mwangu.

Sasa mafunzo, kwa mdau na kwa wengine.

Chukua pana, ya kukaa juu, viti viwili. Matundu usiyazibe, yaache, kweli yanajua. Jileti kila mtu avae, na mwambieni anayevaa kwamba itamfanya aelee, msimwachie agundue mwenyewe. Kabla hamjaingia kwenye kina, jifunzeni kupinduka mahali mnapoweza kusimama. Na mkiwa wawili, kubalianeni mapema mbele ni wapi.

Surprise kwa mke, acheni. Mwambie mapema, hata akikasirika.

Na dereva wenu akiwa mtu wa maneno machache, kaeni naye mbele.

Ila nililolipata mimi zaidi ya yote ni kwamba mtu anaweza kukununia miaka kumbe anachokosa ni kampani ya mtu uliyemchukua. Nisingelijua kwa kuuliza. Nilishauliza mara nyingi, nilijibiwa kwamba mimi ni samaki.

Nimemaliza wakuu. Wenye kayak, wenye wakwe, na wale mliowahi kuhudhuria matanga yenu wenyewe, karibuni mseme yenu. Wa Walikale mkisoma hapa, tafadhali mwambieni yule bwana wa ndizi kwamba mimi ni mzima.